Mwanafunzi na Candia: Uhakiki wa Istilahi na Majina ya Klasi na Objekti katika Kiswahili cha Programu, kwa Kurejelea Arua na Koboko, Nile Magharibi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyoweza kutaja na kutenganisha dhana mbili za msingi katika utungaji wa programu za kompyuta: klasi, yaani maelezo ya jumla yanayosema jambo fulani lina sifa gani na linaweza kutenda nini, na objekti, yaani kimoja mahususi kinachoundwa kwa kufuata maelezo hayo. Maneno darasa, tabaka, jamii, aina, ngeli na kitu yanapimwa kwa baadhi ya vigezo vya PEGITOSCA. Inaonyeshwa kwamba mengi kati yake yana uangavu wa uongo: yanaeleweka upesi, lakini yanaeleweka vibaya. Makala yanaendelea kuchunguza herufi kubwa, upatanisho wa -a unganifu na unyambuaji wa nomino za watenda, kwa kutumia mazingira ya lugha ya Arua na Koboko. Hoja kuu ni kwamba kosa la kuita halikomei darasani. Huingia katika rejista, na katika rejista humwangukia mtu.

Maneno makuu: istilahi, klasi, objekti, nomino za pekee, Nile Magharibi

1.0 Utangulizi

Tangu marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hiyo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutekelezwa mwaka 2020, uliliweka somo la Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua zaidi za kukieneza. Kwa hiyo swali linaloikabili Uganda leo halihusu tena kama Kiswahili kifundishwe. Linahusu kazi ambazo Kiswahili kitapewa baada ya kufundishwa.

Mojawapo ya kazi hizo ni kufundisha teknolojia ya habari. Wataalamu wa istilahi wameshughulika sana na majina ya vifaa. Mvutano kati ya kompyuta na tarakilishi, huku ngamizi ikipita pembeni, unafahamika kwa kila mwalimu wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, jina la kifaa si tatizo kubwa, kwa kuwa kifaa kinaonekana na anayekiita kwa jina lolote anaweza kukinyooshea kidole. Ugumu uko kwenye dhana zisizoonekana, na kati ya hizo hakuna jozi inayotatiza zaidi wanaoanza kuliko klasi na objekti.

Jozi hii ilipata umbo lake katika lugha ya Simula 67, iliyobuniwa mjini Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Ilienea kupitia Smalltalk na C++, na tangu mwaka 1995 kupitia Java. Wazo lake ni jepesi kulieleza. Mtunga programu huandika mara moja kwamba mwanafunzi ana jina, ana umri na anaweza kusajiliwa. Hiyo ndiyo klasi. Kisha huunda wanafunzi mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na jina na umri wake. Hao ndio objekti. Mtu anaweza kuunda objekti elfu moja kutokana na klasi moja, au asiunde hata moja, na klasi ikabaki ilivyo.

2.0 Arua na Koboko kama mahali pa kupimia

Istilahi nyingi za Kiswahili zimetungwa na kupimwa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Nile Magharibi ni kipimo kigumu zaidi, na kwa sababu hiyo ni kipimo chenye manufaa. Katika Jiji la Arua, Kilugbara hukutana na Kiingereza cha shule, Kiswahili cha soko na Lingala inayovuka mpaka kutoka Kongo. Koboko, kaskazini zaidi, ni mji wa Wakakwa, watu ambao mipaka ya kikoloni iliwagawa katika nchi ambazo leo ni Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Humo husikika pia Kinubi na Kiarabu cha Juba. Kiswahili kimefika huko kwa njia nyingi: jeshi, biashara, Wanubi na jirani wa Kongo. Hakikufika kwa njia ya kitabu cha sarufi.

Arua ina pia Chuo Kikuu cha Muni, chuo cha umma kilichoanzishwa mwaka 2013, ambacho teknolojia ya habari ni miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Hivyo mahali hapa pana mambo mawili yanayohitajika kwa uhakiki huu: vijana wanaojifunza kutunga programu, na Kiswahili kisichofuata kanuni za usanifu kwa mazoea tu. Istilahi ikisimama Koboko, itasimama kwingine. Ikihitaji masikio ya pwani ili ieleweke, haijawa istilahi ya kanda.

3.0 Maneno yanayowania nafasi ya klasi

Tumbo-Masabo na Mwansoko, katika kiongozi chao cha uundaji wa istilahi cha mwaka 1992, waliweka wazi kwamba istilahi hutungwa kwa dhana, si kwa neno la lugha chanzi. Mtaalamu wa Uganda, Kiingi, alipendekeza vigezo vinavyojulikana kwa kifupi cha PEGITOSCA. Miongoni mwavyo ni usahihi, uangavu, uzalishaji, kutokuwa na matusi na kukubalika. Vigezo hivi vinatosha kupima maneno yafuatayo.

Neno la kwanza kumjia mfasiri ni darasa. Ni neno hai na kila mtoto analijua. Kasoro yake ni kwamba darasa hujaa watu. Mwalimu akisema "darasa la Mwanafunzi", msikilizaji huona chumba chenye wanafunzi arobaini, naye atauliza wangapi wamo ndani yake. Katika klasi hamna mtu ndani. Klasi si kundi wala chombo, ni maelezo. Aidha, programu ya shule itahitaji klasi inayoeleza vyumba vya kusomea, na mwalimu atalazimika kusema "darasa Darasa". Istilahi isiyoweza kujitaja bila kujigonga haifai.

Tabaka na jamii yana kasoro iyo hiyo kwa sura nyingine. Tabaka ni watu waliopangwa juu na chini, na uhakiki wa fasihi wa Afrika Mashariki umelizoesha neno hilo maana ya tabaka la wafanyakazi na tabaka la wanyonyaji. Jamii ni watu wanaoishi pamoja. Yote mawili yanataja mkusanyiko. Aina linakaribia zaidi, kwa kuwa linataja namna ya kitu badala ya wingi wake, lakini neno hilo linahitajika tayari kwa aina za data, kama vile namba na matini. Kulipa kazi ya pili ni kuvunja kanuni ya istilahi moja kwa dhana moja.

Ngeli linastahili kusikilizwa kwa makini kuliko mengine. Wanasarufi wamelitumia kwa muda mrefu, na Wikipedia ya Kiswahili hulitumia katika uainishaji wa viumbe, ambapo ndege na mamalia ni ngeli. Ngeli ya kisarufi ina sifa moja inayofanana sana na klasi: nomino ikiwa katika ngeli ya A-WA, inajulikana mara moja itachukua viambishi gani vya kitenzi, kivumishi na kimilikishi. Uanachama huamua tabia. Hata hivyo, ulinganisho huu unakatika mahali muhimu. Ngeli za Kiswahili ni orodha iliyofungwa. Hakuna msemaji anayeamka asubuhi na kuunda ngeli mpya, ilhali kuunda klasi mpya ndiyo kazi ya kila siku ya mtunga programu. Pia ngeli huainisha maneno, na klasi hueleza mambo yenyewe. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba klasi ni ngeli ataingia katika programu akitafuta orodha ya kuchagulia, hali yeye ndiye anayepaswa kuiandika.

Kinachobaki ni klasi, neno la kukopa lililofuata sauti za Kiswahili. Watetezi wa maneno ya asili watasema kwamba halina uangavu. Ni kweli. Lakini uhakiki huu unadai kwamba uangavu una pande mbili. Neno lisiloangaza humwacha msomaji akisubiri fasili. Neno linaloangaza vibaya humwondolea hamu ya kuisubiri, kwa kuwa anadhani ameshaelewa. Darasa ni angavu na linapotosha. Klasi ni giza kidogo na linafundishika. Mwalimu anayehitaji neno la kufafanulia anaweza kutumia kiolezo, maana kiolezo ni kile ambacho vingine hufanywa kwa kukifuata. Kiolezo ni ufafanuzi mzuri, mradi kisichukue nafasi ya istilahi yenyewe.

4.0 Kitu, mfano na objekti

Kwa dhana ya pili, njia fupi ni kitu. Hapa ndipo kigezo cha kutokuwa na matusi, ambacho mara nyingi hupitiwa haraka, kinapodai haki yake. Kiswahili hutenga watu na vitu kwa nguvu ya sarufi nzima. Kumwita mtu kitu ni kumvua utu. Programu nyingi za umma hushughulikia watu: wagonjwa, wapiga kura, wanafunzi. Mwalimu wa Koboko atasema vipi mbele ya wazazi kwamba katika mfumo wa shule kila mtoto ni kitu? Atakuwa ametumia istilahi na wakati huo huo ametukana.

Mfano nalo linachanganya. Katika vitabu vya kiada, mfano ni kielelezo cha kufundishia, na sentensi kama "huu ni mfano wa mfano wa klasi" haisaidii mtu. Nakala linadokeza kwamba objekti zote zinafanana kama karatasi zilizotoka kwenye mashine moja, ilhali kila objekti hubeba thamani zake. Kwa sababu hizi, objekti linapendekezwa liwe mwenza wa klasi. Maneno yaliyokopwa kwa jozi hufundishwa kwa jozi, na hakuna mtu anayetukanwa na neno ambalo bado halina historia.

5.0 Herufi kubwa iliyogeuzwa

Maneno ya kukopa hayatoshi bila daraja la kuyafikia, na daraja hilo limo tayari katika somo la Kiswahili. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hufunzwa kutenganisha nomino za kawaida na nomino za pekee. Mwanafunzi ni nomino ya kawaida: inamfaa yeyote aliye na sifa hizo. Candia ni nomino ya pekee: inamtaja mmoja. Uhusiano wa klasi na objekti unafanana sana na uhusiano huu, na mwalimu wa kompyuta anaweza kuanzia pale mwalimu wa Kiswahili alipoishia.

Lakini daraja hili lina shimo katikati. Katika Kiswahili, nomino ya pekee huanza kwa herufi kubwa na nomino ya kawaida kwa herufi ndogo. Katika Java, mazoea ya uandishi ni kinyume kabisa: jina la klasi huanza kwa herufi kubwa na jina la objekti kwa herufi ndogo. Mstari ufuatao ni sahihi kwa mtunga programu:

Mwanafunzi candia = new Mwanafunzi();

Kwa mwalimu wa Kiswahili mstari huu una makosa mawili ya tahajia. Nomino ya kawaida imepewa heshima ya herufi kubwa katikati ya sentensi, na jina la mtu limenyimwa. Kijana wa Arua anayetoka kipindi kimoja kwenda kingine hukutana na kanuni mbili zinazopingana, na asipoambiwa waziwazi kwamba zimegeuzwa, atabaki akidhani mojawapo haina sababu. Mwongozo wowote wa kufundishia unapaswa kulisema jambo hili katika ukurasa wake wa kwanza.

Kuna tatizo la pili, la sikio. Watunga programu wengi huipa objekti jina la klasi yake na kubadilisha herufi ya kwanza tu: klasi Mwanafunzi, objekti mwanafunzi. Kwa jicho, tofauti inaonekana. Kwa sikio, haipo. Mwalimu anayefundisha kwa mdomo mbele ya ubao mmoja atatamka neno lile lile kwa dhana mbili alizokusudia kuzitenganisha. Pendekezo ni kwamba katika mafunzo ya Kiswahili objekti ipewe jina linalosikika tofauti, kama candia, mwanafunziMpya au mwombajiWaKwanza.

6.0 Nukta na -a unganifu

Sifa za objekti nazo zinahitaji majina. Mtunga programu wa Kiswahili huvutwa kuandika jinaLaMwanafunzi na umriWaMwanafunzi, kwa kuwa ndivyo anavyozungumza. Majina haya ni fasaha, lakini yameweka upatanisho wa ngeli ndani ya kitambulisho ambacho mashine haitakisamehe. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, ambacho mipaka ya Arua na Koboko inakijua vizuri, -a unganifu huelekea kuwa ya kwa nomino nyingi, na watu huwa batu. Mtu atakayeandika jinaYaMwanafunzi ataeleweka na kila msikilizaji wa soko la Koboko. Mashine itaona majina mawili yasiyohusiana, nayo itakataa kazi. Lahaja iliyokuwa tofauti ya sauti tu itakuwa kosa la programu.

Tiba haihitaji kumlaumu msemaji. Sifa iitwe jina na umri tu, kwa kuwa objekti yenyewe inaonyesha ni vya nani: candia.jina. Hapo nukta inafanya kazi ya -a unganifu kwa mpangilio uliogeuzwa, mwenye kitu akitangulia kitu. Kiswahili hakikosi mpangilio huo. Swali la kawaida "Mtoto huyu jina lake nani?" humtanguliza mwenye jina. Kwa hiyo candia.jina isomwe "Candia, jina lake". Usomaji huu unafuata mpangilio wa mashine bila kuipinda lugha, na hauhitaji upatanisho wowote ndani ya kitambulisho.

7.0 Jina, mtu na hali

Ulinganisho wa nomino za pekee una mpaka ambao lazima utajwe. Katika Java, jina la objekti si objekti. Ni kielekezi. Majina mawili yanaweza kuelekeza kwa objekti moja, na jina moja linaweza kuhamishwa kwenda kwa nyingine. Nile Magharibi inalielewa jambo hili bila kompyuta. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, jina la dini shuleni na jina la utani sokoni, naye akabaki mmoja. Kwa upande mwingine, Candia ni wengi.

Jina hilo lenyewe lina funzo. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1961 kwamba majina yao husimulia hali iliyozunguka kuzaliwa kwa mtoto: msiba, ufukara, ugomvi wa nyumbani. Candia kwa mwanamume na Candiru kwa mwanamke hubeba wazo la taabu. Majina hayo hayakuwa ya kurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa watoto wote. Sasa klasi ikiandikwa yenye sifa ya lazima iitwayo jinaLaUkoo, ndugu watatu wa nyumba moja wataingia katika rejista kama watu wa koo tatu. Mashine haijakosea. Imefuata klasi. Aliyekosea ni aliyedhani kwamba klasi ya mtu ni moja duniani kote, na atakayelipa ni mtoto anayetakiwa kuthibitisha undugu wake.

Kuna mtego mwingine, na huu umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Lugha hii hunyambua nomino ya mtu kutoka karibu kila kitenzi: kukimbia hutoa mkimbizi, kupanga hutoa mpangaji. Wepesi huu humshawishi mtunga programu kuifanya kila nomino ya namna hiyo kuwa klasi. Lakini katika Java objekti ikishaundwa haibadilishi klasi yake. Aliyeundwa kama Mkimbizi atabaki Mkimbizi hadi afutwe.

Katika wilaya ya Koboko yapo makazi ya Lobule, yanayowahifadhi wakimbizi kutoka Kongo. Wenyeji wanaowapokea wanalijua neno hilo kutoka ndani. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Kongo na Sudan, na katika miaka ya 1980 wakarudi. Waliokuwa wakimbizi leo ni wenyeji, na wenyeji wa upande wa pili leo ni wakimbizi. Historia hiyo inatosha kuonyesha kwamba mkimbizi si klasi. Ni hali ambayo mtu huingia na kutoka. Klasi ni Mtu, na ukimbizi ni sifa yenye tarehe ya kuanza na, kwa majaliwa, tarehe ya kwisha. Mfano wa Mwanafunzi uliotumika hapo juu, na unaotumika karibu katika kila kitabu cha kuanzia, umeingia katika mtego huo huo: mwanafunzi naye huhitimu.

Hapa sarufi inaweza kumwonya mtunga programu. Nomino ikiwa imenyambuliwa kutoka kitenzi, aulize kwanza kama kitenzi hicho kina mwisho. Kama kinao, jina hilo halifai kuwa klasi bila kufikiriwa upya.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutenganisha la jumla na la pekee, na kwamba maneno yaliyo karibu na mkono ndiyo yanayozifunika nyenzo hizo. Mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na mabaraza ya kitaifa, isanifishe klasi na objekti kama jozi kabla vitabu vya nchi mbalimbali havijachukua njia tofauti, kama ilivyotokea kwa kompyuta na tarakilishi. Pili, mitaala ya Uganda iunganishe somo la nomino za kawaida na za pekee na somo la utungaji wa programu, na itaje wazi kugeuzwa kwa herufi kubwa. Tatu, majina ya sifa yaandikwe bila -a unganifu, ili msemaji wa Arua, wa Bunia na wa Tanga waandike msimbo mmoja. Nne, wanaoagiza mifumo ya usajili wawashirikishe wanaisimu wa lugha za wenyeji wakati klasi zinapoandikwa, si baada ya rejista kujaa.

Mtunga programu huandika klasi mara moja, lakini watu huishi ndani ya uamuzi huo kwa miaka. Candia anaweza kuandikwa kwa herufi ndogo na asidhurike. Atakapoandikwa chini ya klasi isiyo yake, hatakuwa na pa kulalamikia, kwa kuwa fomu haina nafasi ya kueleza kosa ambalo fomu yenyewe ndiyo imelifanya.